Hataza ya Wanga wa Ndizi

Jumamosi, 2 Agosti 2025. Hamugembe, Bukoba.

Nimefika nyumbani. Hamugembe ni ileile — migomba hadi dirishani, bodaboda zikipiga honi, mama akinikagua shingo kana kwamba Chuo Kikuu hupokea wanafunzi kwa kilo na kuwarudisha kwa gramu. "Umekonda." Sikukonda! Nimenyooka tu.

Baba hakungoja hata nioge. Yeye ana duka la dawa mjini na hisa chache katika kiwanda cha Rugongo kule Muleba, na alikuwa na swali alilonihifadhia, mimi ninayesoma sheria, tangu Juni: hataza ni nini, kwa maneno ya sokoni? Nikamjibu kwa utaratibu. Ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi, kwamba kwa miaka ishirini mtu mwingine yeyote asitengeneze wala kuuza uvumbuzi ule bila idhini yake.

"Hata kama huyo mwingine anajua kuutengeneza?"

"Hata kama anajua, baba. Hasa kama anajua."

Akacheka peke yake. Alisema basi marehemu bibi yangu angechukua hataza ya pilau yake, na mtaa mzima ungekula wali mweupe mpaka leo.

Swali lake lina sababu. Rugongo ni kiwanda kidogo. Hutengeneza chumvi za kuharisha, dawa ya kikohozi, vidonge vya maumivu. Sasa dada Edvina, mfamasia ambaye pia ndiye meneja, amefaulu kutengeneza kidonge cha malaria cha watoto, kile kipya kinachoyeyuka kijikoni. Kwa majaribio tu. Hakijauzwa hata kimoja. Lakini dawa yenyewe ina hataza, na hataza ni ya kampuni ya ng'ambo, na kampuni imetuma wakili. Haijatishia mtu. Inatoa leseni! Wanahisa wataamua Jumamosi ijayo: watie sahihi, au wakatae.

Nimemwambia baba: wakatae. Akasema sijausoma mkataba. Ni kweli. Lakini nimesoma historia.


Jumatatu, 4 Agosti.

Nimeandika hotuba. Baba ameniombea nafasi ya kuzungumza, kwa sharti kwamba niwe mfupi. Kurasa mbili — ningetaka kumi.

Hoja zangu nimezipanga kama matofali. Hakuna taifa lililojenga viwanda vya dawa kwa kuanza na utiifu. India iliziondoa hataza za dawa zenyewe katika miaka ya sabini; viwanda vyake vikanakili, vikajifunza, vikaboresha, vikailisha Afrika yetu; ni mwaka 2005 ndipo ilipozirudisha hataza hizo, na kufikia hapo mtoto alikwishakuwa baba. Ushahidi uko katika rafu za duka letu. Leo nimezunguka nikisoma maboksi: Mumbai, Ahmedabad, Hyderabad. Mumbai tena. Nilitafuta Muleba. Nikaikuta chini kabisa, kwenye chumvi za kuharisha.

Tena mkataba wa kimataifa wenyewe umeziruhusu nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, sisi tukiwemo, zisizilinde hataza za dawa hadi mwaka 2033. Mlango uko wazi! Na hapa ndipo damu yangu huchemka: uko wazi kule Geneva, ilhali sheria yetu ya nyumbani bado inaziheshimu hataza zilezile. Tumeruhusiwa kuvua viatu vinavyotubana, nasi tunaendelea kutembea navyo kwa adabu.

Nilimsomea baba hayo akiwa anapanga dawa za minyoo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, hiyo 2033 ikifika, ile mashine ya Edvina itakuwa bado inazunguka? Sikulipenda swali hilo.

"Kuna wakati," akasema, "nadhani nilikusomesha ili uje unipinge kwa ufasaha."


Jumatano, 6 Agosti. Muleba.

Nimekwenda kukiona kiwanda chenyewe. Jengo refu, bati la buluu, nyuma ya soko. Ukuta wa nje una vumbi jekundu lakini ndani ni safi hata mtu anaweza kulala sakafuni. Edvina alinivika koti, kofia ya kitambaa na viatu vya mpira kabla ya kunipa mkono. Alisema humu ndani salamu huja baada ya usafi.

Hana maneno mengi. Alichukua kijiko, akatia maji, akadondosha kidonge. Kikafutuka, kikavunjika, kikawa uji mwepesi kabla sijapata la kusema. Kisha akachukua cha kampuni ya ng'ambo, kilichokaa dukani tangu masika. Kikalala chini ya maji kama kokoto.

"Unyevunyevu wa ziwa," akasema. "Wao wametumia wanga wa huko kwao. Mimi natumia wa ndizi."

Wanga wa ndizi! Ndizi mbichi za Ijumbi, anazoletewa na Bwana Clavery na majirani zake, wakulima ambao nao ni wanahisa. Kuna namna ya kuuandaa, aliyoihangaikia miaka mitatu. Aliisimulia kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nikamuuliza: na mtu mwenye akili hiyo bado anataka leseni ya mwingine?

Anataka. Tulibishana tukiwa tumesimama baina ya mapipa. Mimi, niliyeusoma mkataba jana katika nakala ya baba: leseni inatuzuia kuuza Uganda, Rwanda na Burundi, ilhali majirani hao wako karibu nasi kuliko Dodoma! Inatulazimisha kununua kiini cha dawa kwao tu! Inatukataza hata kuihoji hataza yao mahakamani! Yeye: anajua, amesoma. India ilipokataa ilikuwa na viwanda vya kemia. Sisi kiini tunakiagiza, na anayetuuzia akipata barua moja ya mwenye hataza, ataacha kutuuzia.

"Ruhusa ya kupika si chungu, Nasma."

Nikataja leseni ya lazima, ambayo serikali yaweza kuitoa bila ridhaa ya mwenye hataza. Akasema sawa, tuiombe, na mwaka utakaojibiwa tutafurahi. Lakini vuli inaanza mwezi ujao, na mbu hawasomi gazeti la serikali.

"Wewe unataka ushindi," akasema, "mimi nataka kidonge."

Nimeondoka nimekasirika, kwa sababu sentensi ile ilikuwa nzuri na haikuwa yangu.


Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Nimelipata neno! Nimelitafuta wiki nzima, na limenijia nikimenya ndizi na mama: nyarubanja.

Tulilisoma katika semina ya sheria za ardhi. Mkubwa amegawiwa nchi juu ya vichwa vya watu; mkulima anaamka kwenye kibanja, shamba la migomba la babu yake, na kuambiwa sasa ni mtwarwa, mpangaji; anaanza kumpelekea bwana ndizi, kahawa na siku za kazi, ili aruhusiwe kukaa pale alipozaliwa. Ilifutwa kwa sheria miaka ya sitini. Ilifutwa? Imerudi, imevaa koti jeupe! Leseni hii ni nyarubanja ya vidonge.

Wanahisa wengi ni Wahaya wa Muleba. Hawatahitaji kufafanuliwa. Baba yuko msikitini. Nilitaka kumsomea, lakini nimeamua alisikie ukumbini pamoja na wengine.


Jumamosi, 9 Agosti.

Naandika kwa utulivu. Ni lazima niandike kwa utulivu.

Mkutano ulikuwa katika ghala la kufungashia. Mabenchi ya kanisa la Kilutheri yaliazimwa. Mwenyekiti ni Mzee Karugendo, mwenye hisa nyingi kuliko wote, ambaye ndiye aliyetoa ardhi kiwanda kikajengwa. Wakili wa kampuni anaitwa Audax; nilitarajia fisi, akaja mtu mpole wa Mwanza aliyezaliwa Kamachumu, akawaamkia wazee kwa Kihaya, "Kasinge waitu," na wazee wakamwitikia kwa furaha. Aliusoma mkataba kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Hakuficha kitu.

Kisha mimi. Nilikuwa mzuri. Nalisema hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. India ilipita, 2033 ikapita, viatu vinavyobana vikapigiwa makofi. Nikasema elimu haina ua. Wazo ni kama mvua, likinyesha ni la wote. Nikavuta pumzi. Nikasema: "Ndugu wanahisa, hii si leseni. Hii ni nyarubanja."

Kimya. Nikadhani ni kimya cha kuguswa.

Bwana Clavery alisimama taratibu, kofia mkononi. "Limesemwa," akasema. "Mimi nimekaa na mtu huyu katika kiwanda hiki miaka yote, sikulisema. Binti wa Waswahili amelisema." Akanyoosha kidole, na hakukinyoosha kwa wakili. Alikinyoosha mezani, kwa Mzee Karugendo. "Babu yangu alikuwa mtwarwa wa nani, waitu? Na ardhi hii unayosifiwa kuitoa, wewe uliipata kwa nani?"

Basi. Upande wa kulia ukasimama, upande wa kushoto ukasimama. Nilikuwa sijaona kwamba walikaa kwa pande! Mmoja akapiga kelele kwamba watwarwa walikuwa wavivu. Mwingine akauliza ng'ombe wa baba yake walikwenda wapi. Kihaya kilikuja kwa kasi nisiyoweza kuifuata. Malaria haikutajwa tena. Mtoto hakutajwa tena.

Mzee Karugendo alichukua fimbo yake. "Binti Zahoro," akasema, "asante kwa darasa." Akatoka, na ukoo wake ukamfuata, na akidi ikatoka pamoja nao. Hakuna kura.

Audax alikusanya karatasi zake bila haraka. Aliniambia, tena si kwa kejeli, kwamba nimemshinda leo bila hata kuhesabiwa kura. Atarudi Jumamosi ijayo. Wasipokubali siku hiyo, kampuni itafunga faili, na muuzaji wa kiini ataandikiwa.

Edvina alikuwa anarudisha mabenchi. Nilikwenda kumsaidia. Akaniambia niliache, ni zito.


Jumapili, 10 Agosti.

Sikutoka nje. Baba hakunigombeza — heri angenigombeza. Alisema tu kwamba sisi ambao wazee wetu walikuja na misafara kutoka pwani tumekula ndizi za watu hawa karibu miaka mia, na hatukuwahi kuuliza nani alimlimia nani.

"Si kwamba hatukujua, Nasma. Tulikuwa na adabu."

Utakwenda kwa Mzee Karugendo, akasema. Si swali.


Jumanne, 12 Agosti. Ijumbi.

Nimekwenda. Nilikuwa na ombi la radhi nililoliandaa, aya tatu, lenye utangulizi.

Mzee Karugendo alikuwa barazani akichambua maharage pamoja na mke wake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunirudishia shamba au kunichukulia lililobaki?"

Mke wake akacheka, akaingia ndani, akarudi na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Hapo nikajua sitafukuzwa. Nikaanza aya ya kwanza. Mzee akainua mkono.

"Usiniombe radhi kwa hotuba. Ulisema kweli. Baba yangu alikuwa na watwarwa, nami nilikaa hapahapa nikitazama mikungu ikiletwa. Kosa lako ni jingine. Umelitupa neno na hujui linachoma wapi."

Nikauliza linachoma wapi.

Alitafuna kwanza. Alisema watu wa vitabu hudhani uchungu ulikuwa ile mikungu. Hapana; mtu huizoea mikungu, kama anavyozoea sadaka. Uchungu ulikuwa mbuni, mti wa kahawa. Mtwarwa anapanda mbuni kwa mkono wake, anaupalilia, anaupogoa, unaanza kuzaa. Siku akiondolewa, anaondoka na mkeka na sufuria. Mbuni unabaki. Ni wa bwana.

"Kifungu cha kumi na moja," akasema. "Yule kijana wa Kamachumu alipokisoma, mimi nilikielewa kabla hajamaliza. Baba yangu angekiandika hivyohivyo. Tena kwa mwandiko mzuri zaidi."

Nilikuwa na nakala ya mkataba mkobani. Kumi na moja! Nilipigia mstari cha nne, cha sita, cha tisa. Cha kumi na moja nilikipita mbio, kwa kuwa hakikutaja mipaka wala mahakama. "Uboreshaji wowote utakaofanywa na mpewa leseni katika dawa au utengenezaji wake utakuwa mali ya mwenye hataza."

Uboreshaji wowote. Wanga wa ndizi!

Nikamuuliza kama atarudi mkutanoni. Akasema atakuja, ila asitafutiwe kiti karibu na Clavery. Wala nisidhani atapiga kura nitakavyo. Hajawahi kuwapenda wapangaji wenye kelele.

"Mimi si mpangaji wako, mzee."

"Ndiyo maana nimekupa kahawa."


Jumatano, 13 Agosti.

Nilipita Muleba asubuhi. Edvina alikuwa bado ananijibu kwa neno mojamoja. Nikaiweka karatasi mbele yake, kidole kwenye kumi na moja.

Alikuwa amekisoma zamani. Alidhani "uboreshaji" ni wa dawa yenyewe, ile kemia ambayo Rugongo haiwezi kuigusa. Wanga kwake si dawa. Ni unga tu unaoishikilia. Nikamwambia macho ya sheria hayaoni hivyo: ukiingia ndani ya kidonge, umo.

Alikaa juu ya gunia. Sijawahi kumwona akikaa kiwandani.

"Kwa hiyo wakiutaka kesho, watautumia kwenye kidonge chao kule kwao."

"Na wanaweza kukuzuia wewe kuutumia kwenye kingine chochote."

Hakulia, hakutukana. Alitazama mikono yake. Kisha tukaongea kama watu wenye kazi. Kukataa kabisa — muuzaji wa kiini ataondoka, kidonge kitakufa. Kutia sahihi kama ilivyo — kidonge kitaishi, wanga utakwenda. Tumekubaliana: wanahisa waikubali leseni, ila kifungu cha kumi na moja kitoke.

Tumekubaliana. Mimi! Juzijuzi mtu kama mimi wa leo ningemwita msaliti, tena kwa mashairi. Sina haya kama nilivyotarajia. Nina njaa tu.


Ijumaa, 15 Agosti.

Mvua ndogo isiyo ya msimu wake. Duka la baba limepokea watoto wawili wa jirani wenye homa. Mmoja ametema kidonge kichungu mara zote mbili, mama yake akakiokota na kukivunja tena. Baba alinitazama juu ya miwani. Baba ni mkatili sana anapotaka.


Jumamosi, 16 Agosti. Muleba, ofisi ya Edvina.

Wamenipa chumba hiki, meza, na muda wa kuandika jambo moja. Badala yake naandika hapa. Nahitaji kuona lilivyotokea.

Walikuja wote. Mzee Karugendo alikaa kulia kabisa, Clavery kushoto kabisa, na katikati pakabaki benchi tupu ambalo hakuna aliyethubutu kulikalia isipokuwa baba yangu, aliyelikalia kwa raha zake zote. Mimi nilisimama kwanza. Nilisema kwa ufupi kwamba nililitumia neno la watu bila ruhusa yao. Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani ndivyo ilivyopaswa.

Edvina akaeleza kuhusu kifungu cha kumi na moja, na kwamba kina wanga ndani yake. Mzee mmoja akauliza, huo wanga una nini hasa, si tunaula kila siku? Edvina akafurahi — mfamasia akiulizwa swali! "Tunachukua ndizi mbichi," akaanza, "tunaziloweka kwenye—"

Nikamkanyaga mguu.

Akageuka. Nikamnong'oneza: usiseme! Ukilisema hadharani si jipya tena, na kisicho kipya hakipewi hataza. Nilidhani nanong'ona. Ghala lina bati.

"Eh, wakili!" Clavery akaita. "Jumamosi iliyopita wazo lilikuwa mvua, likinyesha ni la wote. Leo umelikinga kwenye pipa?"

Walicheka. Hata Mzee Karugendo alicheka, na Clavery alipoona hivyo akaacha. Masikio yangu yaliwaka — yaani bado yanawaka. Lakini sikuondoa mguu.

Audax alitoka nje kuwapigia simu wakubwa wake. Tulimwona dirishani akienda na kurudi, akiinama kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Aliporudi alisema: kifungu hakitoki. Kampuni haikitoi kwa yeyote. Ila, akasema, na hapa alinitazama mimi, kile ambacho Rugongo inakimiliki tayari si uboreshaji wa kesho. Ni mali ya jana. Kama ombi la hataza ya wanga litamfikia Msajili kabla ya sahihi, kampuni italiacha nje ya leseni, naye ataliandika hilo kwa mkono wake. Yuko Bukoba hadi Jumatatu mchana.

Wakapiga kura. Mikono karibu yote: leseni itiwe sahihi Jumatatu, ombi litangulie. Kulia na kushoto, wote pamoja! Mzee Karugendo aliinua wake mwishoni, si juu sana. Nilitaka kulia. Hapo ndipo Audax, akifunga kalamu yake, alipouliza kwa upole kabisa: ombi hilo litakuwa kwa jina la nani?

"Rugongo," akasema Edvina. "Basi."

"Rugongo ndiye nani?" Clavery. "Ndizi ni za Ijumbi. Jina liwe la wakulima."

"Na wakulima waliziloweka?" akajibu mtu wa kulia.

Mzee Karugendo alisema kiwanda kimesimama juu ya ardhi yake, na hisa zilizo nyingi ni zake, kwa hiyo akisema Rugongo asionekane mchoyo. Clavery akamgeukia baba yangu: umesikia? Umesikia? Baba akasema amesikia, na kwamba masikio ndiyo aliyokuja nayo. Kisha mtu akapaza sauti: mwacheni binti akaandike, jina tutalijua akimaliza.

Nimeandika. Jina la uvumbuzi, maelezo, namna ya kuuandaa — Edvina alininong'oneza yote hapa mlangoni, nami nimeyapanga vizuri, lazima nikiri, kama matofali. Mimi niliyesimama katika ghala hili na kutangaza kwamba elimu haina ua, nimejenga ua imara sana. Imebaki nafasi moja.

Sheria ingenisaidia. Mvumbuzi ni Edvina, hilo halina ubishi. Lakini mvumbuzi akiwa mwajiriwa, na ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, kwa kawaida hataza huwa ya mwajiri, kutegemea mkataba wao unasemaje. Nilimuuliza mkataba wake wa ajira uko wapi. Hana. Mzee Karugendo alimpa kazi kwa kumpa mkono, mwaka ule kiwanda kikiwa bado boma.

Kwa hiyo sheria imekuja hadi mlangoni, ikasimama. Naweza kuandika Rugongo, na Mzee Karugendo mwenye hisa nyingi atalala vizuri. Naweza kuandika Edvina, na kidonge cha watu wote kitakuwa kwenye mkoba wa mtu mmoja. Mtu mwema, lakini mmoja. Naweza kuandika wakulima wa Ijumbi, na Msajili atauliza hao ni nani kisheria.

Ghalani kelele zimepanda. Nasikia sauti ya Clavery, nasikia fimbo ikigonga sakafu.

Mlango umegongwa. Ni Edvina, peke yake. Hakuingia, amesimama kizingitini, mkono kwenye kitasa. Ameuliza kama nimemaliza. Nikasema kila kitu kipo, limebaki jina la mwenye hataza. Nikamkumbusha: mkutanoni umesema Rugongo.

"Nimesema mkutanoni," akajibu.

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kama ninalijua jina lake la tatu, maana watu wengi hulikosea herufi.

Bado amesimama pale. Anadhani ninaandika ombi.